Kabla Hujaiacha Lami Nyamwage: Ushauri kwa Anayerudi Njia za Mchanga na Tope

Dereva anayezamisha gari vibaya Rufiji mara nyingi si mgeni wa njia mbovu. Mgeni huogopa, huuliza, hugeuza mapema. Anayeishia gari limekalia tumbo, difu zote mbili zimefukiwa na magurudumu yanazunguka bure, ni yule aliyewahi kuzijua njia hizi, akaziacha miaka kumi au zaidi, kisha akarudi na gari jipya na kumbukumbu za zamani. Makala haya yameandikwa kwa ajili yake.

Madereva wa namna hiyo ni wengi, na waliandaliwa na barabara yenyewe. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, aliyekwenda kusini alivuka Mto Rufiji kwa pantoni, na masika yakikolea alikaa ukingoni akingoja. Daraja hilo, lenye urefu wa karibu kilomita nzima, liliondoa pantoni lakini halikuondoa tope. Kipande cha kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga kilibaki cha udongo kwa takribani miaka kumi mingine, na Nyamwage imo ndani ya kipande hicho. Madereva wa mabasi, wa malori ya korosho na wa magari ya miradi walijifunza hapo kazi ambayo hakuna chuo cha udereva kinachoifundisha. Lami ilipofika, kazi ile iliisha siku moja.

Sasa wengi wao wana nafasi. Kuna aliyestaafu, kuna aliyenunua shamba la ufuta ndani ndani, kuna anayetaka kuwaonyesha watoto upande wa Mloka na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kuna anayependa tu mchezo wa 4x4. Nyamwage ndipo unapoiacha barabara kuu kwenda Utete. Barabara hiyo ya Utete nayo imeingizwa kwenye mpango wa lami, lakini njia za vijiji zinazochepuka pande zote mbili, na zile za kuelekea Ngarambe na Tapika, ni za mchanga na udongo.

Mikono haisahau upesi namna ya kushika usukani. Kinachopotea katika miaka ya lami ni ile tabia ya kusimama kabla ya pabaya, kushuka, kutazama, na kukubali kugeuza. Lami haimdai dereva mambo hayo hata mara moja kwa mwaka. Ndiyo maana karibu kila ushauri ulio hapa chini unaanza gari likiwa limesimama.

Ardhi tatu, masharti matatu

Wilaya za Rufiji na Kibiti zina ardhi za aina tatu, na kila moja ina masharti yake.

Ya kwanza ni mchanga wa juu, penye mikorosho na misitu ya miombo. Mchanga huu hushika vizuri ukiwa na unyevunyevu na hulegea kiangazi kikikaza. Mchanga wa alfajiri wenye umande unashika kuliko ule ule saa nane mchana.

Ya pili ni mfinyanzi mweusi wa bondeni, unaoachwa na mafuriko ya mto. Huu ni kinyume kabisa. Kiangazi huwa mgumu na wenye nyufa. Ukinyeshewa saa moja tu hugeuka utelezi juu na gundi chini. Unajaza meno ya tairi mpaka tairi lenye meno makubwa linakuwa sawa na kipara.

Ya tatu ni tope la mikoko huko delta, linalofunikwa na kufunuliwa na maji ya bahari. Masharti yake ni mafupi: usipeleke gari. Panda boti. Anayeendesha ufukweni bila kujua siku za bamvua atarudi akute maji yamefika kwenye injini, na gari lililokunywa chumvi halirudi kuwa lile la awali.

Ugumu ni kwamba safari moja ya asubuhi inaweza kukupitisha kwenye ardhi mbili za mwanzo, na mwezi unaoufaa mchanga hauufai mfinyanzi. Kwa anayerudi, muda wenye unafuu ni kati ya Julai na Oktoba, kabla ya vuli. Mchanga utakuwa mlegevu, lakini mchanga humpa dereva nafasi ya kusahihisha. Mfinyanzi uliolowa haumpi.

Usizitegemee sana kumbukumbu zako za maji pia. Mto Rufiji sasa unapita kwenye Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, kwa hiyo hali ya maji bondeni haifuati mvua peke yake kama zamani. Aprili 2024 mafuriko yaliingia vijijini Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei Kimbunga Hidaya kilipopiga, hata barabara kuu ya lami ilikatika upande wa Somanga. Bonde hili lina historia hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 1917 jeshi la Uingereza lililokuwa likiwafuata Wajerumani ng'ambo ya Rufiji lilikwamishwa na masika. Magari yakashindwa kazi na mizigo ikahamia vichwani mwa wapagazi. Nguvu ya injini haijawahi kulishinda tope la hapa kwa kulazimisha.

Gari lililokaa likaguliwe

Gari la 4x4 ambalo halijavuta kwa magurudumu yote manne kwa miaka mitano si la 4x4 mpaka lithibitishe. Lipeleke kwenye uwanja wa udongo, weka 4H, kisha 4L, endesha polepole mbele na nyuma, ukate kona. Sikiliza kama kuna mlio wa kugonga chini. Kwenye Land Cruiser zile tunazoziita mkonga, na kwenye Hilux za zamani, hakikisha habu za magurudumu ya mbele zinafunga kweli. Habu iliyoganda inakupa taa ya 4WD kwenye dashibodi huku magurudumu ya mbele yakiburutwa tu. Usifanye jaribio hili kwenye lami kavu, kwa sababu mifumo mingi ya aina hiyo haina nafasi ya kutofautisha mizunguko ya mbele na ya nyuma, na kitu kinaweza kuvunjika.

Kama gari lako ni RAV4, Harrier au jingine la jamii hiyo, fahamu kiwango chake. Linavuta magurudumu manne kwa msaada mdogo, halina gia ya 4L, na mfumo wake wa kuunganisha magurudumu hupata moto ukilazimishwa kwenye mchanga mzito kwa muda mrefu. Linaweza kufika mbali, lakini libaki kwenye njia ambayo Noah za abiria zinapita.

Tairi ndilo jambo la kukagua kwa makini kuliko yote. Ubavuni pana tarakimu nne: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la gari linalokaa sana nyumbani huwa na meno mazuri na ubavu uliokauka. Kwenye lami halitakuonyesha kasoro hiyo. Ukilipunguza upepo na kulikandamiza juu ya kisiki, litapasuka. Likiwa na zaidi ya miaka sita au saba na lina nyufa ndogondogo ubavuni, libadilishe kabla ya safari. La akiba nalo liwe la ukubwa ule ule, na ulipime upepo siku ile ile unayoyapima mengine.

Kwa magari ya kisasa lipo jambo ambalo dereva wa zamani hakuwahi kukutana nalo. Mfumo wa kuzuia utelezi hupunguza nguvu ya injini kila gurudumu linapoteleza. Kwenye lami yenye maji huokoa maisha. Kwenye mchanga hukuzimisha katikati ya kilima. Tafuta swichi yake ukiwa nyumbani, usome kitabu cha gari, ujue jinsi ya kuuzima na wakati wa kuuwasha tena.

Upepo wa tairi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayetaka kuvuka mchanga sharti ainame kwenye valvu. Jambo hili si la kubahatisha. Tangu miaka ya 1920, Mwingereza Ralph Bagnold na wenzake walivuka mchanga wa Libya na Misri kwa Ford za kawaida zisizo na 4x4, na miongoni mwa mbinu zao kuu ilikuwa kupunguza upepo. Mpaka leo, ndugu zetu walioko Oman wakifika Bidiyah, ukingoni mwa mchanga wa Sharqiya, hupita kwanza kwa mafundi wa tairi kushusha upepo, na wakirudi hupita tena kujaza.

Inavyofanya kazi ni rahisi kuelewa. Tairi lenye upepo mdogo hulala, na sehemu inayogusa ardhi huwa ndefu zaidi. Uzito uleule unasambaa mahali pakubwa, tairi linaelea juu ya mchanga badala ya kuchimba, na injini inahitaji nguvu kidogo. Anayeshusha upepo mapema mara nyingi hahitaji hata 4L.

Lakini usichukue namba za jangwani ukazileta Rufiji kama zilivyo. Jangwani mchanga ni mchanga. Hapa chini ya mchanga kuna mizizi, visiki vya miti iliyochomwa wakati wa kufyeka mashamba, na vipande vya kuni vilivyoanguka kwenye mkokoteni. Tairi lililolala sana hutoa ubavu wake nje, na ubavu ndio sehemu isiyozibika. Kwa gari la kawaida linalotembea lami kwa psi 35, anza na 25 kwenye njia ya udongo mbovu na mchanga mwepesi. Mchanga ukiwa mzito shuka hadi 20 au 22. Usiteremke hadi 16 isipokuwa umekwisha kunasa na unajitoa, na ukishatoka ongeza. Chini ya 15, kona kali inaweza kulichomoa tairi kwenye rimu. Gari lililobeba mizigo mizito libaki juu ya viwango hivyo kwa psi kadhaa.

Ukishashusha, mwendo nao ushuke: usizidi kilomita 40 kwa saa, na usikate kona kwa ghafla. Kabla ya kurudi lami, jaza tena. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye lami hupata joto kali na kupasuka. Hii ina maana huwezi kwenda bila pampu yako mwenyewe inayofungwa kwenye betri, na kipimo cha upepo ambacho umekilinganisha na cha fundi wako. Dereva asiye na pampu hushusha upepo kwa kusitasita, na kusitasita kwake ndiko kunakomnasisha.

Mchangani

Simama kabla ya mchanga mzito, weka gia yako ukiwa bado kwenye ardhi ngumu, kisha ingia kwa mwendo wa kadiri ulio sawasawa. Kwa gari la gia za mkono, gia ya pili ya 4H au ya tatu ya 4L hufaa sehemu nyingi. Kubadilisha gia katikati ya mchanga hupoteza mwendo wote. Mguu wa mafuta uwe mtulivu. Magurudumu yakianza kuzunguka kuliko gari linavyosogea, umeshaanza kuchimba.

Breki ni adui wa mchangani. Ukizikanyaga kwa nguvu, kila gurudumu husukuma kilima kidogo mbele yake, na kuondoka hapo ni kupanda ukuta. Ukitaka kusimama, achia mafuta na uliache gari lisimame lenyewe, ikiwezekana pua ikitazama mteremko. Ukihisi nguvu inaisha, yumbisha usukani kidogo kushoto na kulia ili ubavu wa tairi utafute pa kushika. Likisimama kabisa, acha. Usijaribu mara ya pili kwenda mbele. Weka rivasi, rudi taratibu juu ya alama zako ulizozikandamiza, urudi hadi penye ugumu, ushushe upepo zaidi, uingie upya.

Nyasi ndefu katikati ya njia zina hatari yake. Mbegu huziba rejeta na injini hupata moto; nyasi kavu hujikusanya juu ya bomba la moshi na kuwaka. Mwezi wa Agosti na Septemba, chungulia chini ya gari kila baada ya kilomita kumi na tano hivi, na uwe na maji ya kuzimia moto, tofauti na ya kunywa.

Kwenye tope jeusi

Kwa mfinyanzi uliolowa, ushauri wa kwanza na ulio bora ni kungoja. Jua kali la siku moja au mbili hufanya kazi ambayo winchi haifanyi. Anayekwenda bondeni wakati mvua imeanza kupiga awe na akiba ya siku mbili katika ratiba yake na chakula chake, la sivyo asiende.

Ukilazimika kupita, kata kijiti chenye urefu sawa na nafasi iliyopo kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa ya difu yako. Kiweke ndani ya gari. Kila unapokuta mifereji ya magurudumu ya malori, shuka ukakisimamishe ndani yake. Kijiti kikizama chote, difu yako italala juu ya kigongo cha katikati na magurudumu yataning'inia. Katika hali hiyo tafuta namna ya kupanda juu ya vigongo, gurudumu moja katikati na jingine ukingoni, au rudi ulikotoka. Kijiti hiki kinagharimu dakika mbili na kinamaliza ubishi wote wa abiria.

Kwenye utelezi, 4L na mguu mwepesi. Tako la gari likienda kushoto, peleka usukani kushoto kidogo, usiguse breki. Barabara nyingi za udongo zimeinuka katikati, na gari huteleza kuelekea mtaroni. Kaa katikati mpaka umuone mwenzako anakuja. Kuteremka kilima cha utelezi, tumia gia ndogo ikuzuie.

Na tafadhali, usikwepe dimbwi kwa kupita shambani. Bonde la Rufiji lina mpunga, na maji yakishuka lina mazao ya mlao yanayopandwa kwenye unyevu ulioachwa na mafuriko. Alama mbili za tairi kwenye shamba la mtu ni hasara ya msimu wake mzima, na dereva ajaye atafuata alama zako.

Maji yenye wenyewe

Vitabu vya nje humwambia dereva avue viatu, atangulie kwa miguu ndani ya maji, apime kina. Rufiji ushauri huo unaua. Mto huu, mabwawa yake na vijito vyake vina mamba na viboko. Pima kwa mti mrefu ukiwa nchi kavu, uliza wenyeji, au ngoja gari jingine lipite ulitazame maji yanafika wapi.

Maji yanayokwenda kasi hayahitaji kuwa mengi. Yanayofika sentimita 30 yanaweza kuanza kulielesha gari dogo, na ya sentimita 60 husomba hata magari makubwa. Mkonga, yaani bomba la hewa lililoinuliwa juu, unalinda injini isivute maji, lakini hauzuii gari kusombwa, wala maji kuingia kwenye difu na giaboksi. Difu yenye moto ikiingia kwenye maji baridi hupoa ghafla na kuvuta maji kupitia sili na pumulio. Ukishavuka maji ya kina kirefu, kesho yake fungua nati ya difu utazame: mafuta yakiwa meupe kama maziwa, yamwagwe na kubadilishwa kabla ya kurudi mjini.

Injini ikizimika ndani ya maji, usiiwashe. Maji yaliyoingia kwenye silinda hayabanwi, na stata moja tu inaweza kupinda vyuma vya ndani. Livutwe kwanza, lifunguliwe, likaushwe.

Ukinasa

Zima injini, shuka, tembea ukilizunguka gari. Watu hufanya kila kosa katika dakika tano za kwanza, wakati hasira ingali na nguvu. Swali ni moja: nini hasa kinazuia? Kama ni tumbo limekaa, kuchimba mbele ya magurudumu peke yake hakusaidii. Chimba chini ya difu na chini ya chesisi. Kama ni magurudumu yaliyochimba, fukua mteremko mrefu mbele au nyuma ya kila moja, kisha tandika mbao, matawi au makuti.

Beleshi lenye mpini mrefu lina thamani kuliko vifaa vingi vya dukani. Beba na ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, kwa sababu jeki bila ubao hujizamisha yenyewe. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tu.

Kuvutana ndiko kunakoua. Usifunge kamba kwenye kile kichwa cha duara cha kufungia trela: hukatika na kuruka kama risasi, na kimeshaua watu sehemu mbalimbali za dunia. Funga kwenye ndoano za chesisi. Tandaza koti zito au gunia lenye mchanga katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini. Kila mtu asimame mbali, zaidi ya urefu wote wa kamba, na pembeni. Hili la mwisho ni gumu vijijini, maana gari likinasa watoto hujaa. Usianze kuvuta mpaka mtu mzima mmoja awe na kazi ya kuwaweka watoto mbali na asiwe na kazi nyingine.

Namna ya kuuliza

"Shikamoo, babu. Njia ya huku inapitika?"

"Marahaba. Inapitika, pita tu."

Mzee hajakudanganya. Yeye hupita kwa baiskeli, na mjukuu wake hupita kwa bodaboda. Wewe ndiye uliyeuliza vibaya. Uliza hivi: gari la mwisho kupita lilikuwa lipi, na lilipita lini? Lilikuwa na mzigo? Lilirudi kwa njia hiyo hiyo? Majibu ya maswali hayo yana uzito kuliko ramani ya simu, ambayo huchora njia ya miguu sawasawa na barabara. Vijana wa bodaboda wanajua hali ya njia ya asubuhi ile ile. Wasimamishe wanaotoka uendako, utazame na tope lililo kwenye magurudumu yao. Na babu akikuambia "hapo tu", usihesabu kilomita. Uliza ni mwendo wa saa ngapi.

Ukihitaji msaada wa kusukuma, elewaneni malipo kabla ya kazi, kwa heshima, mbele ya mtu mzima wa hapo. Vijana hawa wanaacha kazi zao kwa ajili yako. Ukishatoka, lipa kamili na ushukuru, kwa sababu unaweza kurudi kwa njia hiyo hiyo jioni.

Ukiingia hifadhini, sheria ni nyingine. Ndani ya Hifadhi ya Nyerere hairuhusiwi kutoka nje ya njia, hata kama mchanga wa pembeni unavutia. Njia ya kwenda Mloka nayo ina tembo, na usiku huonekani nao hawaonekani. Panga kufika kabla ya magharibi.

Urudi kwa hatua

Usianze na safari ndefu. Siku ya kwanza iwe ya kilomita chache tu kutoka lami, kwenye njia ambayo ukishindwa unaweza kurudi kwa miguu. Shusha upepo, ingia mchangani, simama kwa makusudi, jitoe, jaza upepo. Rudia mpaka kazi ya valvu na pampu isikuudhi tena. Safari ya pili nenda na gari la pili, na ubebe kamba uliyoikagua. Ya kwenda mbali zaidi iwe ya tatu, na hata hiyo usiende peke yako. Mgongo na macho ya miaka hamsini si ya miaka thelathini. Kuendesha saa nne kwenye njia hizi kunachosha kuliko saa nane za lami, kwa hiyo pumzika kabla hujachoka.

Beba maji ya kunywa lita tano kwa kila mtu kwa siku, na mafuta ya ziada, maana mchanga hunywa mafuta kuliko lami. Mtandao wa simu hukatika. Mwachie mtu Nyamwage au Utete jina la njia utakayopita na saa ya kuanza kukutafuta. Wiki moja kabla ya safari timiza mambo matatu: soma tarehe za tairi zako, jaribu 4L kwenye udongo, na mpigie simu mtu aliye upande wa pili wa njia. Likikosekana hata moja kati ya hayo, ahirisha safari.